Imeonekana au haijaonekana? Msako wa maada ya giza kwenye galaksi kibete

Mwishoni mwa Novemba 2025, katika kipindi chetu cha asubuhi, nilisoma habari fupi iliyokuwa imeenea duniani siku zile: kwamba huenda wanasayansi wameiona maada ya giza kwa mara ya kwanza. Kwa haraka zangu za studio, neno "huenda" nililiruka. Nilipomaliza, simu ya kwanza ilitoka kwa msikilizaji ambaye ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza: "Mwanangu, umesema imeonekana. Imeonekana wapi? Na kama imeonekana, mbona bado mnaiita ya giza?"

Nikajibu kwamba ndivyo wataalamu walivyosema. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, ahsante," akakata simu. Sisi wa redio tunaijua "haya" ya namna ile. Haikuwa ya kukubali.

Nililazimika kurudi kusoma. Nikagundua kwamba nilichotangaza kilikwenda mbali kuliko utafiti wenyewe, na kwamba jibu la swali la mwalimu linategemea sana galaksi ndogondogo ambazo wengi wetu hatujawahi kuzisikia. Makala hii ni deni langu kwake, na kwako wewe uliyenisikia asubuhi ile.

Maada ya giza ni nini?

Chukua ndoo yenye kamba uizungushe hewani. Kadiri unavyoizungusha kwa kasi, ndivyo unavyolazimika kuishika kamba kwa nguvu zaidi. Ukilegeza mkono, ndoo inaruka. Sayari nazo ziko hivyo, ila kamba yao ni mvutano wa Jua. Utaridi, iliyo karibu na Jua, inakwenda kwa kasi ya takriban kilomita 47 kwa sekunde. Neptuni, iliyo mbali ambako mvutano ni dhaifu, inakwenda kama kilomita 5 tu kwa sekunde. Ingekwenda kwa kasi ya Utaridi, ingetoroka.

Kutokana na hesabu hiyo, ukiijua kasi ya kitu kinachozunguka, unaweza kujua uzito wa kile kinachokivuta, hata kama hukioni.

Mwaka 1933, mtaalamu wa Uswisi Fritz Zwicky alipima kasi za galaksi zilizo katika kundi kubwa liitwalo Coma. Alikuta zinakwenda kasi mno. Uzito wa nyota zote zilizokuwa zikionekana haukutosha kuzishika pamoja. Akasema lazima kuna maada nyingine isiyoonekana. Kwa miaka mingi wengi hawakulitilia maanani wazo hilo.

Katika miaka ya 1970, Mmarekani Vera Rubin na mwenzake Kent Ford walipima kasi za nyota na gesi ndani ya galaksi moja moja, wakianza na jirani yetu Andromeda. Walitarajia mambo yawe kama kwa sayari: za nje ziende polepole. Hazikwenda polepole. Zile za pembezoni zilikuwa na kasi karibu sawa na za ndani, galaksi baada ya galaksi. Kuna kitu kizito kilichozizunguka, na hakitoi mwanga.

Leo vipimo vya aina mbalimbali vinakubaliana kwamba maada hiyo ni karibu mara tano ya maada yote ya kawaida, yaani nyota, sayari, gesi, vumbi, mimi na wewe. Jina "giza" linapotosha kidogo. Kitu cheusi huzuia mwanga, kama wingu zito linavyouziba mwezi. Maada hii haitoi mwanga wala hauzuii. Mwanga unapita ndani yake kana kwamba hakuna kitu. Tunaijua kwa mvutano wake tu, kama tunavyoujua upepo kwa majani yanayotikisika.

Wapo wanasayansi wachache wanaosema pengine hakuna maada yoyote ya ziada, bali kanuni zetu za mvutano ndizo zenye kasoro. Wengi hawakubaliani nao, lakini hoja hiyo haitakufa kabisa mpaka mtu aoneshe chembe yenyewe. Ndiyo sababu msako unaendelea.

Mionzi ya gama inaingiaje hapa?

Wazo lililotafutwa zaidi kwa miongo kadhaa ni kwamba maada ya giza imeundwa na chembe nzito zisizojali maada ya kawaida. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, chembe mbili zikikutana uso kwa uso, mara chache sana, zinateketezana. Zote mbili zinatoweka, na nishati yao inageuka kuwa chembe za kawaida. Katika mabaki hayo kuna mionzi ya gama.

Mionzi ya gama ni ndugu wa mwanga wa kawaida, mawimbi ya redio na eksirei. Tofauti ni nishati. Chembe moja ya mwanga wa gama ya kiwango kinachotafutwa hapa inaweza kuwa na nishati ya mara bilioni 10 ya chembe moja ya mwanga tunaouona kwa macho. Ina faida nyingine kubwa: haina chaji ya umeme, hivyo haipindishwi na sumaku za angani. Inasafiri moja kwa moja. Ukiipokea, unaweza kusema ilitoka upande gani.

Kwa hiyo maada ya giza yenyewe haionekani, ila huenda ikaacha alama. Swali ni uitafute alama hiyo wapi.

Kwa nini galaksi kibete?

Jibu la kwanza linalokuja akilini ni katikati ya galaksi yetu, Njia Nyeupe. Maada ya giza imejaa pale kuliko mahali pengine popote karibu nasi. Kwa kweli tangu mwaka 2009 watafiti wamekuwa wakionesha kwamba mionzi ya gama inayotoka huko ni mingi kuliko inavyotarajiwa. Wengine wanasema ni maada ya giza. Wengine wanasema hapana, ni kundi la palsa, yaani mabaki ya nyota zilizokufa, madogo na mazito, yanayojizungusha kwa kasi kubwa huku yakirusha mionzi. Zaidi ya miaka 15 imepita na ubishi haujaisha.

Mimi nauelewa ubishi huo kwa njia ya kazi yangu. Jaribu kurekodi mahojiano na mama ntilie katikati ya soko saa sita mchana. Kuna wapiga debe, pikipiki, spika za maduka na jenereta. Mtu akinong'ona nyuma yako, huwezi kuapa kama ulisikia jina lako au ulisikia mlango. Katikati ya galaksi ni soko la namna hiyo. Palsa, mabaki ya milipuko ya nyota na mawingu ya gesi yanayogongwa na chembe za kasi vyote vinatoa mionzi ya gama.

Galaksi kibete ni kijiji saa nane za usiku. Hizi ni galaksi ndogo zinazoizunguka Njia Nyeupe kama mwezi unavyoizunguka Dunia. Zile zinazotakiwa katika msako huu zina nyota kongwe tu, hazina gesi ya kutengenezea nyota mpya, na hazina vyanzo vingi vya mionzi ya gama vinavyojulikana. Ukisikia sauti pale, ina maana.

Mbili kati ya hizo, Sculptor na Fornax, zilitangazwa mwaka 1938 na Harlow Shapley wa Marekani, kutokana na picha zilizopigwa hapa hapa Afrika, kwenye kituo cha Boyden karibu na Bloemfontein, Afrika Kusini. Wakati huo hakuna aliyejua zina uzito gani. Mwaka 1983, Marc Aaronson alipima kasi ya nyota tatu tu ndani ya galaksi kibete iitwayo Draco. Zilikuwa zinakwenda kasi kuliko uzito wa nyota za Draco ulivyoweza kuruhusu. Nyota tatu ni chache mno kujengea hoja, na wengi walitia shaka. Vipimo vya nyota nyingi vilivyofuata vilionesha kwamba hakukosea.

Mfano mkali zaidi ni Segue 1, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 75,000. Mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka, karibu kilomita trilioni 9.5. Mwanga wote wa Segue 1 ukiujumlisha unalingana na wa Jua mara mia chache tu. Lakini ukipima kasi za nyota zake, uzito unaopatikana ni wa Jua mara laki kadhaa. Ni kama kuona taa za nyumba tatu mlimani, kisha ukapima matumizi ya maji ukakuta ya mji mzima. Karibu kila kitu kilichomo ni maada ya giza.

Kwa sababu hizo tatu, yaani ukaribu, wingi wa maada ya giza na utulivu, galaksi kibete ndizo zinazotumika kupima dai lolote. Kama chembe za maada ya giza zinateketezana katikati ya Njia Nyeupe, hazina sababu ya kuacha kufanya hivyo ndani ya Draco au Segue 1.

Vyombo vya kusikilizia

Angahewa yetu huizuia mionzi ya gama, na ni bahati kwetu, maana ingetudhuru. Kwa hiyo chombo kikuu kipo nje. Darubini ya Fermi ilirushwa kutoka Florida, Marekani, tarehe 11 Juni 2008, na inaizunguka Dunia kwa urefu wa takriban kilomita 550. Haina kioo wala lenzi, kwa sababu mionzi ya gama ingepita moja kwa moja. Ndani yake kuna tabaka nyembamba za metali ya tangsteni. Mwonzi ukigonga tabaka hizo unageuka kuwa chembe mbili, elektroni na pacha wake positroni. Vipokezi vya silikoni vinafuata nyayo zao kuonesha zilikotoka, na chini yake fuwele zinapima nishati. Kila baada ya saa tatu hivi Fermi inakuwa imeitazama anga yote.

Kwa mionzi yenye nishati kubwa zaidi, ambayo ni adimu, chombo cha angani ni kidogo mno. Hapo Afrika ina nafasi yake. Katika nyanda za juu za Khomas nchini Namibia, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, kuna darubini za H.E.S.S. Nne za kwanza zilikamilika miaka ya mwanzo ya 2000, na mwaka 2012 ikaongezwa ya tano yenye kioo cha upana wa mita 28. Hizi haziupokei mwonzi wenyewe. Mwonzi unapogonga angahewa unazaa mvua ya chembe, na chembe hizo zinatoa mmweko hafifu wa buluu unaodumu kwa sehemu chache tu za bilioni za sekunde. Darubini zinaunasa mmweko huo usiku wa giza. Jina lake linamkumbuka Victor Hess, aliyepanda puto mwaka 1912 na kugundua kwamba kuna mnururisho unaotoka angani. Kutoka Namibia, watafiti wamezitazama Sculptor, Fornax, Carina na nyingine.

Wamepata nini?

Kimya. Na hapa ndipo naomba usiondoke, maana kimya hiki kina habari ndani yake.

Galaksi kibete moja peke yake inaweza kutoa mionzi michache mno isiyotambulika. Kwa hiyo watafiti hujumlisha data za galaksi nyingi kwa pamoja. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 2015, kundi la Fermi lilitangaza matokeo ya galaksi kibete 15 zilizotazamwa kwa miaka sita. Hawakuona ziada yoyote ya maana.

Nadharia, kwa upande wake, haikuwa imeacha mambo wazi kabisa. Ili maada ya giza iwe na wingi tunaouona leo tangu ulimwengu uanze, chembe zake zilipaswa kuteketezana kwa kasi fulani inayoweza kukokotolewa. Kasi ikiwa ndogo, zingebaki nyingi mno. Ikiwa kubwa, zingekwisha. Kwa hiyo watafiti walijua ni mionzi mingapi waitarajie. Kwa chembe zenye uzito usiozidi takriban mara 100 ya protoni, kwa namna za kuteketezana zilizopimwa, mionzi hiyo ilipaswa kuonekana. Haikuonekana. Eneo zima la uwezekano likafutwa kwenye ramani.

Mtu aliyepoteza funguo anajua thamani ya kuweza kusema "mezani hazipo". Hajazipata, lakini hatarudi kupekua meza.

Mwaka huo huo wa 2015 kulitokea jambo lililowafundisha wengi subira. Galaksi kibete mpya, Reticulum II, iligunduliwa mwezi Machi, na kundi moja la watafiti likasema linaona ziada ya mionzi ya gama kutoka huko. Vichwa vya habari vikaruka. Kundi la Fermi lenyewe, likitumia data iliyochakatwa upya, halikuona kitu cha kutosha. Ukirusha shilingi mara nyingi, kuna siku itaangukia upande mmoja mara sita mfululizo bila shilingi kuwa na hila. Ndiyo maana wanafizikia hawatangazi ugunduzi mpaka uwezekano wa bahati tu uwe mdogo sana, karibu mara moja katika milioni tatu na nusu.

Mwaka 2024 ulichapishwa uchambuzi wa miaka 14 ya data za Fermi kwa takriban galaksi kibete 50. Kuna vidokezo vidogo hapa na pale. Hakuna kinachokaribia kiwango hicho.

Basi ile habari ya Novemba?

Sasa narudi kwenye kosa langu. Utafiti nilioutangaza ulikuwa wa Tomonori Totani wa Chuo Kikuu cha Tokyo. Alichukua data za Fermi za miaka 15, akaacha ukanda wenye kelele wa Njia Nyeupe, na akatazama eneo kubwa lililoizunguka galaksi yetu. Baada ya kutoa mionzi yote inayojulikana, anasema imebaki ziada yenye umbo kama la duara kubwa, na nishati yake inafanana na ile ambayo ingetokana na chembe zenye uzito wa kama mara 500 ya protoni.

Ni kazi halali, iliyochapishwa kwenye jarida la kitaalamu. Lakini ina mitihani miwili. Kwanza, kila kitu kinategemea jinsi ulivyotoa mionzi mingine. Ukikosea kidogo kwenye kutoa, unabaki na ziada ambayo ni ya hesabu, si ya anga. Pili, kasi ya kuteketezana inayohitajika kuelezea ziada hiyo ni kubwa kuliko ile ambayo ukimya wa galaksi kibete unaruhusu. Kama soko lina sauti kubwa hivyo, kijijini nako tungepaswa kuisikia. Inawezekana makadirio yetu ya jinsi maada ya giza ilivyotawanyika hayako sawa, na hilo lingepunguza mgongano. Lakini kwa sasa mgongano upo. Totani mwenyewe amesema uthibitisho zaidi unahitajika, na ametaja galaksi kibete kuwa mahali pa kuutafutia.

Hilo sikulisema hewani. Lilikuwa kwenye habari yenyewe, chini kidogo ya pale nilipoishia kusoma.

Kinachofuata

Msako hautaishia hapa. Nchini Chile, darubini mpya iliyopewa jina la Vera Rubin ilionesha picha zake za kwanza Juni 2025. Imekusudiwa kuipiga picha anga ya kusini tena na tena kwa miaka kumi, na inatarajiwa kufichua galaksi kibete nyingi ambazo hatujazijua. Kila moja mpya iliyo karibu inaongeza uzito kwenye mizani. Darubini nyingine za mionzi ya gama, ndugu wakubwa wa zile za Namibia, zinajengwa Chile na kwenye kisiwa cha La Palma, Hispania.

Na wewe unaweza kuziona galaksi mbili ndogo bila darubini. Ukiwa mahali pasipo na taa, usiku wa Desemba au Januari usio na mbalamwezi, tazama kusini. Utaona mawaa mawili hafifu kama vipande vya wingu visivyosogea na upepo. Ni Mawingu ya Magellan. Yana gesi na nyota changa, hivyo si tulivu kama Draco na Segue 1, lakini nayo ni galaksi zinazoandamana na yetu. Kadiri ulivyo kusini zaidi mwa ikweta, ndivyo yanavyokuwa juu zaidi.

Mwalimu, kama unasoma: shikamoo. Uliuliza imeonekana wapi. Jibu ni kwamba maada ya giza haijaonekana. Tunajua kuna kitu kinachovuta nyota, tangu enzi za Zwicky na Rubin. Kuna ziada ya mionzi katikati ya galaksi yetu inayobishaniwa, na nyingine iliyotangazwa Novemba inayosubiri kuthibitishwa. Na kuna galaksi kibete ambazo, baada ya miaka mingi ya kusikilizwa, bado hazijasema lolote. Siku zikisema, nitasoma habari yote mpaka mwisho kabla sijafungua maiki.